Weusi Umerudi

Mwaka huu weusi umerudi, wanasema.
Majarida yameutangaza, madirisha ya Barabara ya Agmashenebeli
yameusimamisha juu ya sanamu tatu zisizo na vichwa,
makoti marefu, yanang'aa kama lami iliyonyeshewa.
Umerudi kutoka wapi? Nauliza tu.
Shangazi Eteri hakuuona ukiondoka.

Mimi Nutsa, umri ishirini na tatu,
nauza vifungo nyuma ya stesheni ya Tbilisi,
duka halina jina, lina kengele tu mlangoni.
Naujua msimu kabla miti haijaujua.
Agosti, jasho limenifika kwenye ndala,
wanakuja kuulizia vifungo vya makoti,
vya pembe, vya mbao, vikubwa kama visosa.
Januari, theluji imekaa juu ya paa
kama mgeni asiyejua kuaga,
wanachagua vya lulu bandia kwa magauni ya bustanini.
Fasheni hutangulia mbio mbele ya hali ya hewa,
kisha hugeuka kutucheka tunavyotetemeka.

Nami nakiri, sijapona.
Mwaka juzi suruali pana: nilifagia nazo mtaa mzima
na manispaa haikunilipa hata senti.
Mwaka jana fupi: vifundo vya miguu
vikawa zambarau kwa baridi, nikasema vimeoana na mkoba.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Kidonda changu ki kisiginoni, kimeshakuwa kovu,
cha viatu vya rangi ya limau
nilivyovaa mara moja, harusini kwa Mzevinari.
Nilirudi pekupeku, viatu kwapani,
nikiapa kwamba vinanitosha.

Jumamosi huenda Lilo, kwenye mitumba.
Marobota yanapasuliwa, nguo zinapimwa kwa kilo
kama viazi, na wanawake tunazivalia njuga
kabla hatujazivaa.
Huko nilipata sweta ya rangi ya komamanga,
mfukoni mna karatasi yenye mwandiko wa Kijerumani.
Mwalimu wa jirani akanisomea: *Usisahau maziwa.*
Mtu huko aliiona sweta imepitwa na wakati, akaitupa,
nami nikairithi pamoja na maziwa yake.
Kila niivaapo, napitia dukani.

Lakini koti jeusi sikulipata Lilo.
Nililinunua dirishani, kwa mshahara wa miezi miwili
na deni kidogo ambalo mama halijui.

Sasa sikieni habari ya Eteri.
Miaka kumi na tisa tangu Guram azikwe,
gauni ni lilelile. Jua hulipausha mabegani,
likaanza kufanana na chai.
Kila Oktoba, zabibu zikishakamuliwa
na vidole vya ukoo mzima vikiwa bado na madoa,
huteleka sufuria kuukuu, hutia rangi,
hulichovya gauni na kulikoroga kwa mwiko mrefu
kama anayepika chakula cha mtu mmoja.
Huo ndio msimu wake wa mitindo. Hauna majarida.

Niliingia na koti langu, nikazunguka mara moja
katikati ya jiko, mvuke umejaa.
Akaweka mwiko chini.
"Nani amekufa?"
Hakuna, shangazi. Ni mtindo.
Akafuta mikono, akashika ukosi,
akalipindua koti nikiwa bado ndani yake,
akaona bitana nyekundu kama ulimi.
Nilidhani atanivua nguo kwa maneno.
Akacheka. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yake ya nyuma.

Kesho yake alikuja dukani, hajawahi kuja.
Akataka vifungo vinne. Nikatoa vyeusi.
"Nimesema nataka vyeusi?"
Akaviacha, akachokoachokoa droo,
akachukua vya kijani, kijani cha plamu mbichi,
ile inayokaza taya kabla hujaiuma.
Akakaa papo hapo kwenye kigoda, akavishona gaunini,
upande wa ndani, usawa wa mbavu,
mahali pasipofungwa kitu.

Huo nao ni mtindo? nikamwuliza.
Akakata uzi kwa meno.
"Baridi inakuja," akasema. "Funga shingo hiyo."